Kwa Nini Kuta za Kanisa la Itunda Hazifanani

Hapo kale kanisa la Itunda halikuwa na kuta. Lilikuwa mistari tu, aliyoichora Bruda Wendelini ardhini kwa ncha ya jembe. Siku hizo watu wa Juu na watu wa Bondeni walioana, walizikana, na walisemana vilevile. Bruda akawagawia kazi: watu wa Juu wajenge ukuta wa kulia, wa Bondeni wa kushoto. Kisha akashuka ziwani kutafuta mbao za paa, na homa ikamlaza huko kiangazi kizima.

Huku nyuma ujenzi ukageuka mashindano. Matanuru ya Juu yaliongozwa na Bibi Gaudensia, mwanamke wa mikono mikubwa na majivuno makubwa zaidi. Na alikuwa na haki ya kujivuna, maana tofali lake ukiligonga lililia kama kengele. Akisikia Bondeni wamepandisha kozi moja, mstari mmoja wa matofali, yeye alipandisha mbili. Bondeni aliongoza mkwewe, Mzee Anakleti, mtu wa polepole, asiyeweka tofali bila kulipimia timazi. Mwana wa Anakleti alikuwa amemwoa Perpetua, binti wa Gaudensia, lakini hata ukwe haukuwafanya wazee hao waulizane neno.

Bruda aliporudi akashika kichwa. Madirisha ya Juu yalikuwa yamechongoka, ya Bondeni yalikuwa na matao ya mviringo, na ukuta wa Juu ulikuwa umeupita mwenzake kwa kimo cha mtoto.

“Upunguzeni,” aliomba.

“Tofali langu halishuki, Bruda,” Gaudensia akajibu.

Basi paa likaezekwa hivyo hivyo, limeinamia Bondeni.

Hapo maneno yakaanza. “Ukuta ule?” Gaudensia alitangaza kisimani. “Hata mbuzi wangu simfungi pale. Utaua watu.” Anakleti naye akajibu kwamba kilichokua kwa pupa huanguka kwa pupa. Maneno ya wakubwa hayaanguki chini. Yakaokotwa na kila mtu, na watu wakayaamini.

Siku ya kubariki kanisa, kila upande ulijibana chini ya ukuta wake, katikati pakabaki patupu. Padri akaita mtoto wa kwanza kubatizwa. Alikuwa wa Perpetua, mjukuu wa Gaudensia na wa Anakleti pia. Kisima cha ubatizo kilikuwa kimejengwa chini ya ukuta wa Bondeni. Perpetua, aliyekuwa amekaa na mama yake, akatembea na mtoto mikononi, akafika katikati, akasimama.

“Mama,” alisema, na kanisa zima likasikia, “ulisema ukuta ule utaua watu. Nimpeleke?”

Gaudensia aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, naye alikuwa ametangaza ila za ukuta ambao hakuwahi kuusogelea. Akainuka, akavuka. Akapitisha kiganja chake kwenye matofali ya Bondeni, akafuata maungio kwa kidole, juu hadi chini, bila haraka. Yalikuwa yamenyooka kuliko yake. Akakaa sakafuni, akanyoosha miguu, akauegemeza mgongo wake wote pale.

“Mlete, mwanangu,” akasema. “Ulikuwa wivu wangu tu. Mafundi hawa ni mafundi.”

Mzee Anakleti akajikohoza. “Basi na mimi nilikosa, mkwe, sikuachi peke yako,” akasema, akavuka kwenda kuketi chini ya ukuta mrefu. Watu wakaanza kuvuka, huyu na mkeka, yule na kigoda, wakigongana mabega na kucheka, na maji ya ubatizo yakamwagwa.

Na tangu siku hiyo, watu wa Juu husali chini ya ukuta wa Bondeni, na wa Bondeni chini ya ukuta wa Juu. Kila mwaka baada ya mavuno, kila upande huenda kukarabati ukuta uliojengwa na babu zake, si ule ambao watu wake huketi chini yake. Wageni hulicheka paa letu, nasi huwaacha wacheke. Mvua zimepita na matetemeko yamepita, na Itunda haijadondosha tofali. Ufa wa nyumbani kwake mtu huweza kuuacha hadi mwakani. Ufa ulio juu ya kichwa cha mtoto wa mwenzake, mtu hauachi hadi kesho.