Tikiti Lililogombea Uenyekiti

Jamani, mpo?

Tupo!

Mmekaa juu ya nini?

Juu ya jabali!

Na mikia yenu mmeiweka wapi?

Hatuna!

Vizuri. Basi hakuna atakayemkanyagia mwenzake mkia, na hakuna sababu ya kupiga kelele. Nyamazeni niwasimulie habari za pimbi mmoja aliyekuwa mjinga kuliko wote, mwenye tumbo la duara na maneno mengi. Msitazamane. Pimbi huyo ni mimi mjomba wenu. Wakati huo nilikuwa mtoto mdogo kama nyinyi, na mama yangu aliniita Kitumbo. Jina hilo mtu hapewi bure.

Siku hizo bwawa letu lile pale chini lilikuwa na mwenyekiti, Mzee Kiboko. Kila mwaka ulifanyika uchaguzi, na kila mwaka Mzee Kiboko alipita bila kupingwa. Kazi ya mwenyekiti ilikuwa kugawa zamu za kunywa maji. Mzee Kiboko aligawa hivi: asubuhi, mwenyekiti. Mchana, mwenyekiti. Alasiri, mwenyekiti. Jioni, yeye akitoka kwenda kula majani, wengine wote.

Mtasema, si mlikunywa jioni, shida iko wapi? Shida ni kwamba jioni ndiyo saa ya Chui. Chui hakuwa anafuata maji. Alikuwa anawafuata wanaofuata maji. Kila jioni mama alishuka bwawani akanywa haraka, jicho moja kwenye maji, jicho moja kwenye nyasi, kisha akapanda jabali mbio, moyo unamwenda puta. Mimi nilikuwa namsubiri juu nikihesabu pumzi. Niliogopa. Siku moja nikamwambia, "Mama, nitagombea uenyekiti."

Mama akanitazama. "Baba, umekula nini leo?"

"Nitagombea, tunywe maji mchana."

"Hata meno hujamaliza kuota."

"Mzee Kiboko ana meno, na yametusaidia nini?"

Hakunijibu. Nikadhani nimemshinda kwa hoja. Baadaye niligundua alikuwa amesinzia.

Nikaenda kuchukua fomu kwa Korongo, msimamizi wa uchaguzi. Korongo alikuwa mtu wa kanuni. Angeambiwa na kanuni asimame mguu mmoja, angesimama mguu mmoja. Labda ndiyo maana anasimama hivyo mpaka leo. Akanipa jani pana akasema, "Mgombea alete nyayo kumi za wadhamini."

Wadhamini! Nani angemdhamini Kitumbo? Nikachovya miguu yangu kwenye tope: tap, tap, tap, tap. Nne. Nikamwendea mama: tap, tap, tap, tap. Nane. Nikamkuta Ngiri amelala chini ya kichaka, anakoroma. Ngiri huyu alikuwa mpambe wa Mzee Kiboko, kazi yake kupiga kelele za "Mwenyekiti oyee!" Nikamchovya miguu miwili ya nyuma: tap, tap. Kumi.

Korongo akazihesabu mara tatu. "Hizi ni za watu watatu tu."

"Kanuni inasema watu kumi?"

Akainama, akaisoma kanuni, akainuka. "Inasema nyayo kumi. Umepita."

Nikaanza kampeni. Jamani, kampeni zangu! Nilipanda juu ya jiwe, nikasahau hotuba yote. Nikaona wananisubiri, nikaropoka, "Nikichaguliwa, kila pimbi atapata mkia!" Wakapiga makofi. Pimbi mmoja mtu mzima akauliza, "Mkia wa urefu gani, mheshimiwa?" Nikasema, "Tutaunda kamati." Wakapiga makofi tena. Nikashuka nimevimba kichwa. Ya maji ya mchana, ambayo ndiyo yalinipeleka pale, sikuyataja hata kidogo.

Mzee Kiboko alipopata habari alicheka mpaka bwawa likamwagika kingo. Lakini mtu aliyezoea kula peke yake hapendi kuona hata nzi kwenye sahani. Akamwita Korongo. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya jiwe, nasikia kila neno.

"Korongo, mwaka huu wapiga kura wasipange mistari miwili. Mistari miwili ya nini? Mstari uwe mmoja, wangu."

"Mstari mmoja," Korongo akaandika.

"Aliye mbele ya mstari ndiye mshindi. Walio nyuma yake wote wamempigia kura."

"Wote nyuma yake."

"Na ukishagonga mdomo, asisogee mtu. Atakayesogea kura yake imeharibika. Sitaki watu wa kuhamahama."

"Imeharibika. Na mstari uanzie wapi, Mheshimiwa?"

Mzee Kiboko akajilamba. Alikuwa amekusanya chungu ya matikiti, makubwa kwa madogo, akatangaza kwamba ni zawadi ya wapiga kura, wagawiwe baada ya matokeo. Akasema, "Uanzie kwenye matikiti. Niyalinde."

Mimi nyuma ya jiwe nikaanza kutetemeka kwa furaha. Mstari mmoja! Aliye mbele! Kumbe kazi yangu ni ndogo tu: nikae mbele ya pua ya Mzee Kiboko, na yeye asinione. Na mimi nina umbo gani? La duara. Sina mkia. Nikiingia kwenye matikiti, nani atanitambua?

Niliuona mpango huo kuwa ni mpango wa akili nyingi sana. Nilijipongeza mpaka nikachoka. Kuna jambo moja tu sikulifikiria, na nyinyi mnaocheka hapo nyuma mmeshalifikiria.

Siku ya uchaguzi ikafika. Asubuhi na mapema nikajichimbia kwenye matikiti, mwisho kabisa wa chungu, upande wa mbele. Nikajivika ganda la tikiti kichwani. Nikatulia. Mzee Kiboko akaja, gudu, gudu, gudu, akasimama kwenye chungu. Nyuma yake wakajipanga swala, nyuma ya swala pundamilia, nyuma ya pundamilia sungura, kanga, kobe, pimbi. Wote walimwogopa. Mama yangu alikuwa wa mwisho, kichwa kainamisha.

Korongo akaanza kusoma kanuni. Kanuni ya kwanza. Kanuni ya pili. Mzee Kiboko akatazama matikiti. Akatazama huku, akatazama kule. Akala moja.

Mwafu!

Akasogea hatua moja. Mstari mzima ukasogea hatua moja.

Korongo akasoma kanuni ya tatu. Mzee Kiboko akala la pili.

Mwafu!

Akasogea hatua moja. Mstari ukasogea hatua moja.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba matikiti huliwa.

Ningekimbia? Nikikimbia, mama atashuka jioni, na jioni nyingine, na jioni ile ambayo hatapanda. Nikabaki. Si kwa ushujaa, msije mkadanganywa na watu. Miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Kanuni ya nne. Mwafu! Hatua moja. Kanuni ya tano. Mwafu! Hatua moja. Juisi inanidondokea usoni. Nyuma kwenye mstari watu wakaanza kunong'ona, "Si alisema ni yetu hayo?" Ngiri akapiga kelele, "Mwenyekiti oyee!" lakini hakuna aliyeitikia, na sauti yake mwenyewe ilikuwa imepoa, maana tikiti alilokuwa amelichagua kwa macho lilikuwa ndilo limeliwa sasa hivi.

Yakabaki matikiti matatu. Mwafu! Yakabaki mawili. Mwafu! Likabaki moja, na hilo moja lilikuwa mimi.

Mzee Kiboko akafungua kinywa. Jamani, nimeingia mapango mengi katika maisha yangu, sijaona pango kama lile. Meno kama nguzo, ulimi kama mkeka uliolowa. Nikawaza, Kitumbo, umeahidi watu mikia, na sasa hata wewe mwenyewe hutabaki.

"Kanuni ya mwisho," Korongo akasema. Akagonga mdomo: ta-ta-ta-ta-ta! "Asisogee mtu!"

Mzee Kiboko akaganda kinywa wazi. Ilikuwa kanuni yake mwenyewe.

Korongo akaanza kuhesabu, kutokea nyuma, akimgonga kila mtu kichwani. Ta! Moja, mama. Ta! Mbili. Ta! Tatu. Alihesabu polepole, mguu mmoja, kisha mguu mwingine. Mate ya Mzee Kiboko yananimwagikia. Ta! Mia na kumi na moja. Akamfikia Mzee Kiboko. Ta! Mia na kumi na mbili. Kisha akainama mbele, akagonga ganda langu. Ta!

"Hili ni tikiti au ni mgombea?"

"Mgombea," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mbu.

"Uko ndani ya kinywa au uko nje?"

"Angalia miguu, Mheshimiwa Msimamizi."

Akaangalia. "Miguu minne iko nje. Basi aliye mbele ya mstari ni Kitumbo wa Majabalini. Walio nyuma yake ni mia na kumi na mbili, pamoja na Mzee Kiboko aliyempigia kura. Kuna pingamizi?"

"Aaaah! Aaaah!" akasema Mzee Kiboko, kinywa wazi.

"Pingamizi litolewe kwa maneno," akasema Korongo.

Mzee Kiboko akafunga kinywa ili apate kusema. Kwap! Nikachomoka. Ganda likabaki ndani, likasagika. Hiyo ndiyo siku pekee niliyoshukuru kwamba sina mkia.

"Amesogea," Korongo akasema. "Kura yake imeharibika. Mia na kumi na moja."

Mzee Kiboko akageuka awatishe watu. Akakuta watu wanatazama maganda ya matikiti, na nyuso zao hazikuwa nzuri. Hata Ngiri akasema taratibu, "Kitumbo oyee." Watu mia wakaitikia, "Oyee!" Mzee Kiboko akaona hao wote hawamezeki. Akainamisha kichwa.

Nikatoa amri yangu ya kwanza: jua likifika utosini Mzee Kiboko atoke majini, na mpaka alasiri bwawa liwe la wadogo. Mchana ule mama alishuka kwa mara ya kwanza bila kukimbia. Alikunywa macho yote mawili yakiwa kwenye maji. Nilikuwa sijawahi kumwona akinywa hivyo. Nililia kidogo, nikasema ni vumbi.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa shujaa, nanyi mngelala vizuri. Lakini mimi ndiye ninayesimulia, na aliyekuwepo ni mimi.

Siku ya pili niliingiza miguu majini, nipoe. Mwenyekiti ana uchovu. Siku ya tatu nikaingiza tumbo. Pimbi hatuogi, mnajua, lakini cheo kinafundisha mambo. Siku ya nne nikalala humo, ganda la tikiti limenikinga jua, Ngiri anapepea kwa jani. Watu wakawa wanasimama ukingoni na kiu yao. Ngiri anawaambia, "Subirini kidogo, Mheshimiwa anaoga." Wanasubiri. Mimi naoga. Alasiri inaingia, Mzee Kiboko anarudi majini kwa zamu yake, ananikonyeza. Sikujiuliza kwa nini ananikonyeza.

Siku ya tisa nikarudi nyumbani jioni, mama hayupo.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Ameshuka bwawani."

"Saa hizi? Si kuna zamu ya mchana!"

"Kasema mchana anaoga Mheshimiwa."

Nilishuka lile jabali sijui kwa miguu au kwa tumbo. Nikamkuta ukingoni. Anakunywa haraka, jicho moja kwenye maji, jicho moja kwenye nyasi. Akaniona. Akaacha kunywa. Akapiga goti, mama yangu mzazi, aliyenitafunia majani nikiwa sina meno, akasema:

"Shikamoo, Mheshimiwa."

 Na hata sasa, miaka yote hii, mtoto akiniamkia nakumbuka, neno linanikwama kidogo kabla halijatoka.

Nyasi zikatikisika. Fyaa! Mama akanikamata ngozi ya shingo kwa meno, kama kitoto cha jana, akapanda nami jabali mbio. Chui akabaki chini anasaga meno. Juu kule mama aliniweka chini, akahema, akahema, kisha akanizaba kibao kimoja. Nilikifurahia kibao kile. Mheshimiwa hazabwi kibao na mtu, anazabwa mwana.

Tangu kesho yake nilikunywa maji wa mwisho, nimesimama ukingoni, miguu mikavu.

Sasa funzo. Kila hadithi ina funzo, na walimu wenu watawauliza. Funzo ni hili: mtoto asigombee cheo, hata kidogo. Mtoto asichezee fomu, asimchovye mtu miguu akiwa amelala, asijifiche kwenye chakula cha watu. Mdogo amwachie mkubwa maji yote, akae kimya mpaka akue. Ukidanganya hutafanikiwa kamwe. Mimi nilidanganya, nikapata kura mia na kumi na moja tu. Tena sikugombea tena maishani, isipokuwa ile miaka saba iliyofuata.

Hadithi imeshuka, imekunywa mchana kweupe, imepanda jabali lake. Anayebisha na agombee, anikute mbele ya mstari.