Nyati na Salamu Zake

Hapo zamani za kale, enzi ambazo nyati walivaa kofia kwenda barazani, Pimbi aliishi na mkewe na watoto watano kwenye pango dogo la jabali. Ninyi mlio mlangoni sogeeni, hii siirudii.

Siku moja Nyati alikuja, dii, dii, dii, akajikuna mgongo kwenye jabali mpaka kokoto zikaporomoka.

"Pimbi, hapa pananifaa. Kesho barazani nitaomba nipewe, nanyi mtafute pa kwenda."

"Na mvua hizi, Bwana Nyati? Watoto wangu watalala wapi?"

"Hilo utalisema wewe. Kila mtu atasema lake." Kisha akashusha sauti. "Lakini wewe uliwahi kuishi darini, kwenye ukumbi wa mikutano ya watu. Wasemaji wakubwa huanzaje?"

Mwoneni huyo fahali. Anamfukuza mtu kwake, halafu anamwomba amfundishe maneno ya kumfukuzia.

Pimbi akacheka kidogo, kwi kwi.

"Mkubwa halivamii jambo kama anayekimbizwa. Kwanza itifaki. Unamtaja kila aliyekuja, kwa jina, cheo na ukoo."

"Hata Kobe?"

"Kobe hasa. Ana kinyongo yule."

Nyati akaenda zake akikariri majina.

Jioni Bi Sikudhani, mke wa Pimbi, akamsimamisha mumewe mbele ya mafiga matatu. "Haya, hawa ndio baraza. Sema."

Pimbi akaanza, sauti ikitetemeka kama ya mbuzi aliyenyeshewa. Akasimulia habari za babu yake, akasimulia za babu wa babu yake, akafika kwenye majani waliyokula njiani.

"Figa la kati limesinzia," mkewe akasema. "Unataka nini, mume wangu?"

"Nataka tusihamishwe."

"Basi anza hapo. Na uniangalie mimi, usiangalie kucha zako."

Akarudia mara tisa. Ya tisa hakutetemeka.

Kesho yake baraza likajaa. Desturi yao ilikuwa hivi: msemaji akipanda jiwe, chungu cha maji hubandikwa motoni. Maji yakichemka anashuka, amemaliza au hajamaliza. Kisha kila mmoja husimama nyuma ya yule aliyekubaliana naye.

Nyati akapanda wa kwanza, kofia kichwani.

"Mheshimiwa Bi Twiga, mwenyekiti wetu, binti wa ukoo wa Shingo Ndefu. Mzee Kobe, mtunza kisima mstaafu, wa ukoo wa Gamba. Bwana Ngiri, mjumbe wa matope, na mkewe wa kwanza, na mkewe wa pili. Pundamilia wa kwanza kutoka kushoto. Pundamilia wa pili kutoka kushoto..."

Pundamilia walikuwa thelathini na wawili. Watoto wakapiga miayo. Ngiri akakoroma, khrrr.

"Kwa itifaki hiyo, naomba sasa niwataje waliotuma udhuru."

Chungu kikafurika, chwaaa.

"Shuka," akasema Bi Twiga.

"Lakini sijasema ninachotaka."

"Nasi hatujakijua. Shuka."

Chungu kingine kikabandikwa. Pimbi akapanda. Akamtafuta Bi Sikudhani kwa macho, akamwona.

"Nataka tusihamishwe," akasema. "Nyati analitaka jabali letu ajikunie mgongo. Sisi ndimo tunamolala." Akamwinua kitinda mimba wake aliyekuja naye, mdogo kama ngumi ya mtoto. "Huyu akinyeshewa usiku mmoja, hafiki asubuhi. Miti ya kujikunia iko tele. Nimemaliza."

Maji chunguni hayakuwa yamepata hata uvuguvugu.

Kobe akanyanyuka polepole, akajikokota mpaka nyuma ya Pimbi. Ngiri akafuata na wake zake wawili, kisha pundamilia wote. Nyuma ya Nyati hakusimama mtu.

"Kobe, si nilikutaja mpaka ukoo?"

"Ulinitaja vizuri sana, mwanangu. Ila sikujua unataka nini."

Nyati akamgeukia Pimbi. "Ulinidanganya."

"Sikukudanganya, Bwana Nyati. Wakubwa wa ukumbini huanza vilevile. Mimi nilikuwa darini, nikiwaangalia wasikilizaji wakilala."

Yangu yamechemka, epueni chungu. Nanyi siku mkisimama mbele za watu, semeni mnachotaka kabla hawajasinzia.