Muuguzi Aliyejua Yote

Muuguzi mmoja alikuwa na kaka. Muuguzi aliitwa Namsifu, na watu wa zahanati ile ya mlimani walimheshimu kwa elimu yake. Kaka yake, Eliapenda, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa, na moyo wake ulikuwa umeanza kuelemewa na shinikizo la damu.

Namsifu alimpenda kaka yake, na kwa kuwa alimpenda, alimwamuru. Kila alipokuja kupimwa alimwambia apunguze chumvi, aache tumbaku, ameze dawa kila asubuhi. Alipoona kipimo hakishuki, alikaza sauti. Alimtajia watu waliopooza. Alimwuliza kama anataka kuwaacha wanawe yatima, wala hakungoja jibu. Eliapenda aliitikia kwa kichwa, akachukua dawa zake, akateremka kwenda kazini. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Kisha mchana mmoja, akiwa anachonga boriti, alishika kifua, akaketi chini, asiinuke tena.

Baada ya maziko Namsifu alilia kilio kilichochanganyika na hasira. Alimlalamikia mjane kwamba marehemu alikuwa mkaidi, hakuuthamini uhai wake. Mjane, Nakijwa, alikuwa akikunja nguo za mumewe. Alimweleza taratibu kwamba dawa zile zilimtia kizunguzungu, na mtu aliye juu ya paa akishikwa na kizunguzungu huanguka. Ndiyo maana aliziacha. Kuishi alitaka sana. Alitamani amwezekee binti yao nyumba kwa mikono yake mwenyewe.

Namsifu akauliza kwa nini hakusema, maana dawa za namna nyingine zilikuwapo kabatini pale zahanati.

“Wifi,” Nakijwa akasema, “kila mwezi alikuja kwako na maneno yake. Kila mwezi akarudi nayo.”

Namsifu aliporudi kazini, wa kwanza kuingia alikuwa mama muuza vitumbua, mgonjwa wa moyo wa siku nyingi, aliyezoea kugombezwa. Aliinamisha kichwa kabla ya kuambiwa lolote. Namsifu akafunga faili. Akamwuliza ni jambo gani linalomlemea kuliko yote, na mwenyewe anaona anaweza kuanzia wapi. Halafu akanyamaza. Kimya kikawa kirefu, naye akakivumilia. Mama akaanza kusema, akasema mpaka machozi yakamtoka, na mwishowe akachagua mwenyewe jambo moja dogo: siku za gulio atakwenda kwa miguu. Namsifu akaliandika kama lilivyosemwa.

Mama alipotoka, Namsifu alibaki akikitazama kiti kitupu. Mtu baki alikuwa amepewa kile ambacho kaka yake wa tumbo moja alinyimwa, na hakikuwa kitu cha kuagizwa kutoka mbali.

Nanyi mnaowapenda wagonjwa wenu, ni lini mliwauliza neno, mkanyamaza mpaka wakajibu?