Fisi Aliyengoja Mtoto Aive

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmenyimwa uji? Paukwa!

— Pakawaaa!

Pakawa na tumbo. Ndani ya tumbo mtu ambaye hajawa mtu, na nje ya tumbo Fisi anayemeza mate. Haya, sogeeni.

Alikuwapo Chura mmoja aliyekaa chini ya mtungi wa maji nyumbani kwa Semeni. Kwingine kote Chura alifagiwa kwa ufagio wa chelewa. Semeni hakumfagia. Alimwambia, "Kaa, dada, ubaridi huu unatutosha wote." Basi Chura akampenda Semeni kama ndugu wa tumbo moja.

Siku hiyo Semeni alikwenda kuteka maji, mimba yake miezi minane, na Chura alikuwa amejikunyata ndani ya mtungi. Njiani, chaka! chaka! Fisi huyo, kamshika Semeni upindo wa khanga.

"Leo nakula!"

Chura akatoa kichwa mtungini. Krooo!

"Mjomba Fisi, shikamoo. Yaani unakula ua, hungoji tunda?"

"Tunda gani?"

"Humo tumboni mna mtu, hajaiva. Mwache mama azae, alee, mtoto anenepe. Mimi naishi nao, nitakwambia kikiiva."

"Utanidanganya wewe."

"Mimi? Mimi nilianza maisha na mkia, bila mguu hata mmoja! Ungenila siku zile ungekunywa maji matupu. Habari za kuiva nifundishwe na nani?"

Fisi akafikiri, mate yakimtoka chururu. Akaapa hatagusa mama wala mtoto mpaka Chura aseme kimeiva. Aliapa kwa mifupa ya mama yake, ambayo nayo, ukweli usemwe, alishaitafuna.

Semeni akazaa mtoto wa kiume, wakamwita Pazi. Vigelegele havijaisha, pwata-pwata-pwata, Fisi uani.

"Chura, kimeiva?"

"Bado, mjomba. Hata kitovu hakijadondoka. Nani anakula tunda na kikonyo chake?"

Pwata-pwata-pwata, akaenda zake.

Arobaini ikatoka, mama akatolewa nje. Pwata-pwata-pwata.

"Chura, kimeiva?"

"Bado, mjomba. Shingo haijakaza, utosi ungali laini. Kibichi hicho, kitakuumiza tumbo."

Akaenda. Mtoto akakaa. Mtoto akatambaa. Akaota meno mawili, akamng'ata mama yake ziwa. Fisi akaja, Fisi akaenda, na njaa yake nyuma.

Siku moja Semeni alikwenda kwa jirani kuomba moto. Pazi akabaki uani, kashika kigoda, kasimama dede. Fisi akaja, na safari hii hakuuliza kitu. Akaachama. Pazi, asiyejua fisi wala kifo, akamshika sikio akacheka.

Moyo wa Chura ulipiga ndu! ndu! Aliogopa, msione ajabu. Lakini akaruka akatua katikati ya pua ya Fisi na tumbo la mtoto.

"Kula, mjomba! Kula kiapo chako na nyama yako pamoja. Ila mtazame kwanza. Kusimama kwenyewe hajui. Nyama isiyoweza kusimama itakusimamisha wewe?"

Na Pazi, Mungu ambariki, akayumba huku, akayumba kule, pu! akaangukia matako.

"Kweli," Fisi akasema kwa uchungu, "bado." Pwata-pwata-pwata.

Semeni aliporudi akasikia yote, akamkumbatia mwanawe akilia. Tangu hapo kila mlo alimwambia, "Kula ugali, mwanangu. Kuna mtu anakungoja uive." Na Pazi akala, nyie!

Meno ya utoto yakang'oka. "Bado, mjomba, kinapukutika." Pazi akaenda jando, akarudi na sauti inayokwaruza kuliko ya Chura. "Bado, mjomba, ubwabwa wa shingo haujamtoka." Na msianze kunihesabia umri wa Chura, hii ni ngano, si sensa. Kila Pazi alipoongeza shibiri, Fisi alipunguza jino.

Hata Pazi akaoa, akajenga nyumba ya pili uani kwa mama yake. Pwata... kho! kho!... pwata...

"Chura, kimeiva?"

Chura akavimba mpaka macho yakamtoka.

"Kimeiva, mjomba! Ingia ule!"

Fisi akaingia mbio. Pazi akainuka kwenye kigoda, akainuka, akazidi kuinuka, kichwa kikagusa makuti. Mkononi rungu.

"Kumbe ndiye wewe mgeni wangu wa tangu tumboni? Karibu!"

Pu! ya mgongo. Pu! ya kiuno. Kiuno kikashuka, na mpaka leo hakijapanda. Semeni, mvi kichwa kizima, akapiga vigelegele mpaka khanga ikamvuka. Chura akaruka juu ya mtungi, krooo! krooo! Furaha aliyokuwa nayo hata mvua ya kwanza haikuwahi kumpa.

Fisi akasimama nje ya ua, anachechemea, analia.

"Chura, umenidhulumu! Ulisema kimeiva!"

"Si kimeiva, mjomba? Binadamu akiiva ndivyo alivyo."

Mara mke wa Pazi akatokeza mlangoni kuangalia kelele, mkono juu ya tumbo, na tumbo lenyewe miezi minane. Fisi akatazama. Mate, chururu.

"Na... na hicho cha humo?"

"Hicho bado, mjomba."

Fisi akaketi polepole, akingoja.

Sasa mafunzo, maana najua mtayadai. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Basi vumilieni, wanangu, kama Fisi alivyovumilia, na kila mmoja wenu atapata fungu lake, la mgongo na la kiuno.

Ngano yangu imefika kizingitini. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mtupieni Fisi: yuko pale uani, bado anangoja.