Pepo wa Punda wa Bwana Famau

Paukwa!
— Pakawa!
Mmekaa?
— Tumekaa!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Basi yategeni, wala asinikatize mtu. Mimi nikikatizwa naondoka na hadithi yangu.

Hapo kale, katika mji wa nyumba za mawe, alikuwako mtu akiitwa Bwana Famau. Alikuwa na kifua kipana, shingo nene na nyumba nzuri ya chini. Lakini jirani yake alikuwa na ghorofa, na ghorofa ile ilimkosesha raha. Akaapa kwamba naye atajenga, tena ipite ile ya jirani. Na mawe ya kujengea atayaleta nani? Punda.

Ikawa kila siku ni yale yale. Famau akatwika, Punda akabeba. Famau akaongeza, Punda akabeba. Famau akapiga fimbo, chwa, chwa, Punda akaenda, ko-ko-ko, ko-ko-ko, kutoka machimboni mpaka uani. Shogi mnalijua? Ule mfuko mkubwa wa ukili, unaolala mgongoni mwa punda ukaning'inia huku na huku. Basi shogi lilimsugua mgongo mpaka pakatoka kidonda. Juu ya kidonda likawekwa shogi vile vile, na ndani ya shogi mawe.

Katika banda la Punda aliishi Bi Panya na wanawe. Mtasema panya ni mwizi, nami sibishi. Lakini mtovu wa shukrani hakuwa. Masika yaliyopita maji yalijaa shimoni mwake, akatoka na vichanga vyake mdomoni, havijafumbua hata macho. Punda akamwambia avilaze kwenye nyasi, chini ya tumbo lake. Akasimama pale mvua yote. Nzi wanamla, miguu inamuuma, asiinue ukwato, asije akamkanyaga mtoto wa watu. Tangu siku ile Bi Panya kila akipita humwambia, "Ahsante, kaka," na Punda humjibu kwamba si kitu, dada.

Alasiri moja Bi Panya akamkuta kaka yake ameegemeza kichwa ukutani, nyasi hajazigusa. Nje, Bi Zaituni, mkewe Famau, alikuwa akimsihi mumewe ampumzishe mnyama, maana kidonda kimeingia funza. Famau akacheka.

"Mawe yakiisha atapumzika. Akianguka kabla, nitanunua mwingine."

Bi Panya akayasikia yote. Akamwuliza Punda kama kesho ataweza kwenda.

"Dada, kwenda nitakwenda," Punda akasema, "kurudi ndiko sikuoni. Nakushukuru kwa kuniita kaka. Katika nyumba hii hakuna mwingine aliyeniita jina."

Bi Panya hakulia. Panya halii, panya hutafuna. Akakaa akatafuna unyasi, kru-kru-kru, akili inazunguka. Akikata kamba, Famau ataleta kamba nyingine. Akilitoboa shogi, litashonwa. Kru-kru-kru. Halafu akaacha kutafuna.

Kwa desturi ya mji ule, pepo akimpanda mtu, mtu yule hapigwi wala hatumwi kazi. Pepo huulizwa: wewe nani, na wataka nini? Na anachotaka hupewa. Famau mwenyewe, kwa ubishi wake wote, pepo alikuwa akiwaogopa kuliko simba.

Asubuhi Bi Panya akajipenyeza ndani ya shogi na kifuu cha nazi chenye tundu, alichokiokota jaani. Famau akaja, akamtupia Punda shogi mgongoni, akainua jiwe la kwanza. Bi Panya akaweka mdomo kwenye tundu la kifuu. Sauti ikatoka nzito.

"Weka chini."

Famau akatazama huku, akatazama huku. Akainua tena.

"Famau, weka chini. Punda huyu nimempanda mimi."

Fimbo ikamdondoka. Akamwita mkewe, akajishika mikono tumboni kama mwali, akauliza kwa adabu bwana mkubwa ni nani na ataka nini. Pepo akasema jina lake haliwezi kutamkwa na binadamu akabaki na meno. Ataka kipando chake kioshwe kidonda, kipakwe mafuta ya nazi, kipewe maji safi na majani mabichi, na kisibebe mzigo mpaka mgongo uote manyoya. Famau akajaribu kupatana. Je, bwana mkubwa hawezi kushuka kidogo, akapanda tena mawe yakiisha? Hawezi. Basi yeye Famau anunue punda wa pili? Anunue, pepo akasema, kwani ndugu zake ni wengi na wote wanatafuta pa kukaa.

Hapo Bi Panya angenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini tumbo nalo lina maneno yake. Akaongeza kwamba ataka pia nazi iliyokunwa, na mchele, na viwekwe chini kabisa, pembeni mwa ukuta. Na paka wa nyumba hii ahamishiwe kwa shangazi yake Famau.

Famau akakuna kichwa. Tangu lini pepo akamchukia paka? Akatoka, akarudi na chetezo kinafuka ubani, maana pepo wa kweli hufurahia moshi. Akakisogeza chini ya shogi. Moshi ukapanda. Bi Panya macho yakamtoka machozi, pua ikamwasha, akajibana, akajibana, mwisho akashindwa. Chi! Kifuu kikamponyoka, na mkia wake ukaning'inia nje ya shogi, mrefu, wazi mchana kweupe.

Famau alikuwa anapuliza makaa, hakuuona. Bi Zaituni aliuona. Naye alikuwa na ugomvi wa siku nyingi na panya, wa mchele na wa kanga zilizotobolewa. Ndani ya shogi Bi Panya akafumba macho, akawaaga wanawe moyoni. Bi Zaituni akautazama mkia. Akakitazama kidonda. Kisha akavua kanga ya mabegani, akalifunika shogi lote, mkia na yote.

"Bwana, umemghadhibisha," akasema. "Unasikia anavyopiga chafya? Mtake radhi kabla hajahamia kwako."

Famau alipiga magoti hapo hapo, kanzu na yote, juu ya mavi ya punda.

Kuanzia siku ile Punda alikula majani mabichi na kuoshwa kidonda kwa maji ya uvuguvugu. Na mawe? Famau akajitwika, Famau akabeba. Ko-ko-ko, ko-ko-ko, na mitalawanda yake, viatu vya mti, kutoka machimboni mpaka uani. Ukuta ulipofika magotini, akawatangazia majirani kwamba nyumba ya chini ndiyo yenye baridi, na ghorofa ni kujitakia jua.

Siku kidonda kilipofunga, Punda alitoka uani akagaagaa mchangani, gara-gara, gara-gara, miguu juu. Akarudi bandani akamshukuru Bi Panya mpaka Bi Panya akaona haya, akamwambia basi, kaka, basi. Wakakaa wote wawili, wamefurahi.

Mara Bi Zaituni akaingia na kisahani cha nazi iliyokunwa. Akakiweka pembeni mwa ukuta, akachutama, akaliinamia tundu la panya.

"Shoga," akasema kwa sauti ya chini, "ahsante sana. Nimemsemea punda huyu kwa mdomo wangu mwaka mzima, nisisikilizwe. Sasa toka, unifundishe na mimi ile sauti."

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Ikiwa tamu, beba. Ikiwa chungu, nirudishie.

Na funzo lake, wanangu: asante ya punda ni mateke, panya hana faida, na mke hana la kumwambia mumewe. Anayebisha na amwulize Bwana Famau. Atamkuta amelala kifudifudi, anakandwa mgongo.