Milioni Tano kwa Siku Moja

Kulikuwa na fundi mmoja wa mageti, mwanachama wa ushirika uliokuwa na mfuko wa uzeeni na matibabu. Utaratibu ulikuwa mwepesi: kila shilingi uliyoweka, ushirika uliongeza nyingine juu yake. Ila kulikuwa na kikomo. Kwa mwaka, mwisho laki tano. Desemba ikiisha, nafasi ya mwaka huo imekufa.

Fundi aliposikia "mwisho laki tano" alicheka. Yeye apangiwe kiwango kama mtoto? Akauchukulia mfuko ule kama michango yetu ya harusi, ambapo anayefika mwisho na bunda nene ndiye anayepigiwa vigelegele. Kila Desemba mkewe alimkumbusha, naye akamjibu, "Tulia, mama watoto. Nitalipa yote kwa mpigo, watanikoma." Na hela alikuwa nazo, ndugu zangu! Hilo ndilo linaloniudhi.

Mwaka wa kumi nyonga ya mkewe ikaharibika. Upasuaji, milioni kumi. Fundi wala hakushtuka. Tano zake, tano za ushirika, mambo yameisha. Akamshika mkewe mkono hadi ofisini, akamwaga milioni tano mezani.

Karani akahesabu laki tano, zilizobaki akazisukuma zikarudi.

"Mzee wangu, kikomo cha mwaka huu ni hiki."

"Na ile miaka tisa niliyoruka?"

"Imefungwa. Nafasi haihami."

"Kwani huzioni hela hizi?"

"Hela naziona, baba. Miaka ndiyo siioni."

Fundi akapiga meza, akafoka mpaka mate yakamruka. Mkewe, pale kwenye benchi, akasema, "Muache binti wa watu. Twende nyumbani." Akajaribu kuinuka, akashindwa.

Mnaguna nini? Mnamwonea huruma? Mimi leo sina huruma naye! Kikomo alikiona tusi, kumbe kilikuwa kinamwambia: kidogo hiki, sasa hivi, kila mwaka.

Na sisi je? Ijumaa tumemzika bibi mmoja hapo nyuma ya kanisa, na wote tunamjua. Jeneza la milioni mbili. Mahema manne. Sare ukoo mzima. Bibi huyo paa lake limevuja masika tatu! Alihitaji mabati sita na mtu wa kukaa naye nusu saa, wanywe uji. Basi. Nani alikwenda? Mimi mchungaji wenu nilikwenda mara ngapi? Mara moja, na nilikuwa na haraka. Halafu Ijumaa tukataka kumlipa miaka yote ile kwa maua. Nani wa kuyapokea?

Wengine wenu mama zenu wako hai asubuhi hii. Nusu saa ya leo hamtaiweka kesho. Tokeni hapa mwende kwao, na ole wake atakayeniitikia "Amina" kisha akapitiliza kwake kulala.