Jiwe Lililokunywa Bahari

Mlima Kirondo haukuwa mlima. Pale unaposimama leo palikuwa na bahari, nyembamba, katikati ya nchi mbili zilizokuwa zikisogeleana mwaka hata mwaka, mpaka watu wa ng'ambo wakawa wanawasikia wa huku wakigombana na mbuzi wao.

Chini ya sakafu ya bahari hiyo, chini kabisa, alikaa Mama Jiwe, mweusi, mzito, wa moto. Hapo awali alikuwa amenona, lakini alipoizaa sakafu ya bahari alimpa binti yake huyo mafuta yote, utamu wote, kila kinachoweza kuotesha jani, naye akabaki mkavu kama mzazi asiyepikiwa uji. Hakulalamika. Kisha nchi zile zikabanana, binti akaanza kuzamishwa chini ya nchi ya ng'ambo, kidogo kidogo, akilia, na Mama Jiwe akimsikia asijue amfikie wapi.

Juu, ufukweni, alikuwepo Naetwe, msichana aliyejifungua juzi tu, hata kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka. Kila kitu kilimtisha. Mtoto akilala, aliogopa hapumui. Akilia, aliogopa anaumwa. Akinyamaza, ndiyo kabisa. Siku ardhi ilipotetemeka na watu wakakimbilia vilimani, ikabidi naye ahame, na desturi ya watu wale ilikuwa hivi: moto wa mzazi, ule wa kumpasha joto aliyejifungua, hutangulia, umebebwa chunguni na mama mkwe, na mbeba moto hageuki nyuma, akigeuka unazimika.

"Nifuate, mwanangu," akasema Nakunda, mama mkwe wake, akashika njia.

"Mama, ngoja! Mbeleko imefunguka! Mama!"

"Nakusikia, nifuate tu! Sigeuki mimi!"

Na kweli hakugeuka. Naetwe akachutama kufunga mbeleko, fundo linakataa, mara ardhi ikapasuka mbele yake, chungu cha moto kikapotelea kilimani, na nyuma yake bahari iliyobanwa ikainuka. Akapiga kelele. Mtoto akamzidi.

Mama Jiwe akasikia, akadhani ni binti yake. Akajisukuma, mzito vile vile, akapenya katika ufa ule, akapanda na kutokeza chini ya miguu ya Naetwe, akawainua wote wawili. Alipomtazama mtoto, akaona siye.

"Si wangu huyu," akasema.

"Bibi, usituteremshe, nakuomba, nakuomba."

"Niwateremshe wapi na maji yote haya? Mlaze hapa kwangu kidogo. Acha niyanywe."

Akaanza kunywa. Akanywa akavimba, akafanya nyufa, weusi wake ukageuka kijani, ngozi ikawa laini yenye madoa kama ya nyoka. Na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyotoa joto, taratibu, hata Naetwe akajiona kama ameketi jikoni kwa mama yake mzazi. Hofu ikamtoka. Maziwa yaliyokuwa yamekatika kwa woga yakaja kwa kishindo, mtoto akashiba mpaka yakamwagika, yakaingia nyufani, yakaganda.

Maji yalipokwisha, Nakunda alikuja mbio, chungu mkononi, majivu matupu, analia huku anacheka.

"Nimefika juu nikasema, haya, kaa hapa, mwanangu. Kimya! Nikageuka. Moto upo, mkaza mwana hayupo!"

"Umegeuka, Mama?"

"Nimegeuka, na uzimike! Nilikuwa nampelekea nani?"

Akampokea mtoto, akamnusa kichwani, akapumua.

Na tangu siku hiyo Kirondo ni kijani, una madoa ya nyoka, ukiupanda unateleza, na katika nyufa zake imepita mishipa myeupe, ndiyo yale maziwa. Mahindi hayakubali kuota pale, na hakuna anayeulaumu: mama aliyekwisha toa vyote haombwi tena. Mafiga ya mzazi huchongwa kwa jiwe lake, kwa sababu linashika joto hata moto ukizimika. Nao moto wa mzazi hautangulii tena. Mzazi hutangulia na mtoto wake, mbeba moto hufuata nyuma, macho mgongoni kwake, na mzazi akisimama kufunga mbeleko, wote husimama.